Bonde la Coalbrookdale na Mji wa Ironbridge: Mawe, Mto na Chuma

Katika jimbo la Shropshire, magharibi ya Uingereza, mto Severn hupita katika bonde jembamba lenye kingo za mwinuko mkali. Juu ya ukingo wa kaskazini umejengwa mji mdogo wa Ironbridge, ambao jina lake maana yake ni "daraja la chuma". Na karibu na mji huo kijito kimoja hushuka kuingia mtoni kwa kupitia bonde dogo la pembeni liitwalo Coalbrookdale. Eneo lote hili mtu aweza kulizunguka kwa miguu kwa siku moja. Hata hivyo, mwaka 1986 Shirika la UNESCO liliiandika sehemu hii katika orodha ya urithi wa dunia.

Wanafunzi wa shule za sekondari hukutana na jina la Coalbrookdale katika masomo mawili. Katika historia hulikuta panapoelezwa mapinduzi ya viwanda, na katika kemia panapoelezwa uyeyushaji wa chuma. Mara nyingi yote husemwa kwa sentensi moja, yaani kwamba mwaka 1709 Abraham Darby aliyeyusha chuma kwa makaa ya mawe badala ya mkaa wa miti. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini huacha maswali makubwa bila majibu. Kwa nini jambo hilo lilitokea katika bonde hilo, wala si penginepo? Kwa nini chuma cha Darby kilifaa kutengenezea vyungu kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kukubaliwa na wahunzi? Na gharama ya maendeleo hayo ilikuwa nini, tena ilibebwa na nani? Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kufuata historia ya mahali pamoja tu.

Namna bonde lilivyotokea

Hapo zamani za kale mto Severn haukupita hapo. Maji ya sehemu za juu yalielekea kaskazini. Katika kipindi cha mwisho cha barafu, barafu nene iliifunika nchi na kuiziba njia hiyo, na maji yaliyoyeyuka yakachonga mlango mpya kuelekea kusini. Wanajiolojia wa mwanzo wa karne ya 20 walifikiri kwamba palikuwa na ziwa kubwa lililofurika na kukata mlima kwa mara moja. Utafiti wa baadaye umetilia mkazo zaidi maji yaliyopita kwa nguvu chini ya barafu yenyewe. Kwa vyovyote vile, tokeo lake ni moja: barafu ilipoondoka, mto ulibaki katika njia yake mpya.

Maji hayo yalipokata mlima yalifunua matabaka ya miamba ambayo kwa kawaida hufichika chini ya ardhi. Katika kingo za bonde yanaonekana mawe ya chokaa yaliyofanyika katika bahari ya joto miaka zaidi ya milioni 400 iliyopita, na juu yake, katika sehemu za kaskazini na mashariki, matabaka ya makaa ya mawe ya miaka milioni 300 hivi iliyopita. Pamoja na makaa hayo umo mtapo wa chuma, yaani mawe yenye madini ya chuma, na pia udongo mgumu usioyeyuka kwa moto, ambao hufaa kwa matofali ya tanuri. Vijito vya pembeni vilileta maji yenye nguvu ya kuzungusha magurudumu, na mto mkubwa ulikuwa barabara ya kupeleka bidhaa hadi bandari ya Bristol.

Basi jibu la swali la kwanza limekwisha kuonekana. Mtapo, makaa, chokaa, udongo wa matofali, nguvu ya maji na njia ya kusafirishia, vyote sita vilikuwako mahali pamoja. Lakini yafaa ikumbukwe kuwa vitu hivyo vilikuwako tangu maelfu ya miaka, na havikutosha peke yake. Ilihitajiwa tena haja, na mtu mwenye maarifa ya kuvikutanisha.

Mkaa wa miti na tatizo lake

Matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, yanayopulizwa upepo kwa mivukuto iendeshwayo na maji, yaliingia Uingereza mwishoni mwa karne ya 15. Katika Coalbrookdale lilijengwa tanuri la namna hiyo katika karne ya 17. Kuni zake zilikuwa mkaa wa miti.

Vitabu vingi husema kwamba wahunzi wa Uingereza walikuwa wameimaliza misitu yote, na kwamba ndiyo maana makaa ya mawe yakatafutwa. Usemi huo wahitaji kusahihishwa. Wenye matanuri hawakukata miti ovyo, kwa sababu kumaliza msitu ni kuliua tanuri lenyewe. Walitumia vichaka vilivyokatwa kwa zamu: shina huachwa, machipukizi huota, na baada ya miaka kadhaa hukatwa tena. Kwa njia hiyo msitu huweza kutoa mkaa kwa karne nyingi. Tatizo lilikuwa jingine. Kiasi cha mkaa kinachopatikana kwa mwaka hakiwezi kuzidi kile kinachooteshwa na ardhi, na ardhi ilitakiwa pia kwa kilimo na mifugo. Kwa hiyo kila chuma kilipohitajiwa zaidi, bei ya mkaa ilipanda. Aidha, mkaa ni laini. Ukisafirishwa mbali husagika, na ukirundikwa kwa kimo kikubwa ndani ya tanuri hupondwa na uzito wa mtapo ulio juu yake. Kwa sababu hiyo tanuri la mkaa halikuweza kukuzwa kupita kiasi.

Makaa ya mawe yalikuwa tele na rahisi, lakini yana salfa. Salfa ikiingia katika chuma hukifanya kivunjike kinapofuliwa kikiwa cha moto. Watu kadhaa wa karne ya 17 walidai kuwa wameishinda shida hiyo, lakini hapana aliyefaulu kuanzisha kazi iliyodumu.

Abraham Darby na tanuri la mwaka 1709

Abraham Darby alizaliwa mwaka 1678 karibu na Dudley. Alikuwa mfuasi wa jamii ya Kikristo iitwayo Marafiki, ambayo wasomaji wa Kenya wanaifahamu, kwani misheni yake ilianzishwa Kaimosi mwaka 1902. Katika Uingereza ya wakati ule Marafiki hawakuruhusiwa kuingia vyuo vikuu vya Uingereza wala kushika vyeo vya serikali. Wengi wao waligeukia biashara na ufundi, wakaaminiana na kukopeshana mitaji.

Darby alifundishwa kazi katika karakana ya kutengeneza vinu vya kusagia kimea cha pombe huko Birmingham. Jambo hilo laonekana dogo, lakini lina maana. Watengenezaji wa kimea walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba makaa ya mawe yakichomwa kwanza mahali penye hewa kidogo hutoa moshi na gesi zake, na kinachobaki ni makaa mepesi, magumu, yasiyoharibu ladha ya kimea. Makaa hayo huitwa koke. Baadaye Darby alihamia Bristol, akaanzisha kiwanda cha shaba nyeupe, na mwaka 1707 akapata hataza ya kusubu vyungu vya chuma katika kalibu za mchanga. Vyungu vya shaba vilikuwa ghali. Chungu cha chuma chembamba kingeweza kununuliwa hata na maskini.

Ili kupata chuma kingi cha bei nafuu, Darby alikodi tanuri la Coalbrookdale mwaka 1708. Tanuri hilo lilikuwa limeharibika kwa mlipuko na halikuwa likifanya kazi. Alilitengeneza, na mwanzoni mwa mwaka 1709 likawashwa kwa koke. Daftari la hesabu la kiwanda chake limehifadhiwa, na ndani yake yameandikwa malipo ya wafanyakazi waliochoma makaa ya mawe kuwa koke katika mwezi wa Januari mwaka huo. Bahati njema ilikuwa kwamba makaa ya sehemu ile yana salfa kidogo kuliko ya sehemu nyingi nyingine. Laiti Darby angejaribu jambo hilo hilo mahali pengine, yamkini angeshindwa kama wenzake waliomtangulia.

Kemia ya tanuri

Mtapo wa Coalbrookdale kwa sehemu kubwa ni kabonati ya chuma. Kwanza huchomwa katika marundo ya wazi ili kuondoa kaboni dioksaidi:

4FeCO₃ + O₂ → 2Fe₂O₃ + 4CO₂

Baada ya hapo oksidi ya chuma, koke na mawe ya chokaa hutiwa kwa zamu kupitia mdomo wa juu wa tanuri, na upepo hupulizwa kutoka chini. Koke huungua na kufanya kaboni monoksaidi, nayo huinyang'anya oksidi oksijeni yake:

2C + O₂ → 2CO
Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Ama mawe ya chokaa, kazi yake ni kushika uchafu. Chokaa huungana na mchanga uliomo katika mtapo na majivu ya koke, vikafanya umajimaji mwepesi unaoelea juu ya chuma kilichoyeyuka:

CaCO₃ → CaO + CO₂
CaO + SiO₂ → CaSiO₃

Umajimaji huo ukipoa ndio wahunzi huuita mavi ya chuma. Chokaa pia hushika sehemu ya salfa, na kwa hiyo ilisaidia kulifaulisha jaribio la Darby.

Koke ilileta faida ya pili. Kwa kuwa ni ngumu kuliko mkaa, haipondwi upesi. Basi matanuri yaliweza kujengwa marefu zaidi, na upepo mkali zaidi kupulizwa ndani yake.

Kwa nini njia hii ilichelewa kuenea

Kama njia hii ilikuwa bora, ingetazamiwa kwamba wenye matanuri wote wangeifuata mara moja. Haikuwa hivyo. Darby alikufa mwaka 1717, na hata miaka 30 baada ya kifo chake matanuri ya koke yalikuwa machache sana. Baadhi ya waandishi walidhani kuwa familia yake iliificha siri. Lakini maelezo bora hupatikana katika kemia na katika hesabu ya gharama.

Tanuri la koke huwa na joto kali kuliko la mkaa. Katika joto hilo sehemu ya mchanga nayo hupoteza oksijeni, na silikoni huingia katika chuma. Silikoni husababisha kaboni iliyomo itengane katika vipande vidogo vya grafiti. Chuma cha namna hiyo kina rangi ya kijivu. Kikiyeyuka hutiririka vizuri na kujaza kila pembe ya kalibu. Hicho ndicho hasa alichokihitaji msubuji wa vyungu vyembamba. Lakini mhunzi hakukipenda. Ili chuma kifuliwe kwa nyundo, lazima kaboni na silikoni ziondolewe kwa kuchomwa tena, na kadiri silikoni inavyozidi ndivyo kazi, muda na mkaa vinavyozidi. Kwa hiyo chuma kile kile kilikuwa na thamani kubwa kwa Darby na thamani ndogo kwa wengine, ambao soko lao lilikuwa chuma cha kufua.

Hali ilibadilika katikati ya karne ya 18. Bei ya mkaa iliendelea kupanda. Abraham Darby wa pili, aliyeishi kuanzia mwaka 1711 hadi 1763, alifaulu kutoa chuma cha koke ambacho wahunzi walikikubali, na mwaka 1755 tanuri jipya likawashwa Horsehay, kaskazini ya bonde. Mkewe, Abiah Darby, aliandika habari za kazi hizo katika barua ya miaka ya 1770, na barua hiyo ni miongoni mwa ushahidi mkubwa walio nao wanahistoria. Hatimaye mwaka 1784 Henry Cort alipata hataza ya kusafisha chuma kwa ndimi za moto wa makaa ya mawe, na hapo mhunzi naye akaachana na mkaa wa miti.

Fundisho la kisayansi hapa ni kwamba uvumbuzi haupimwi kwa ubora wake peke yake. Hupimwa pia kwa kazi inayotakiwa kufanywa, na kwa bei ya njia nyingine zilizopo.

Katika kipindi hicho hicho bonde lilizaa mambo mengine. Tangu miaka ya 1720 silinda za injini za mvuke zilisubiwa hapo kwa chuma badala ya shaba nyeupe. Kwa kuwa maji ya kijito yalipungua wakati wa kiangazi na mivukuto kusimama, katika miaka ya 1742 na 1743 iliwekwa injini ya mvuke ya kuyapandisha tena maji yaliyokwisha kutumika, yarudi bwawani na kuzungusha magurudumu kwa mara nyingine. Mwaka 1767 reli za chuma cha kusubu ziliwekwa juu ya njia za mbao zilizopitisha magari ya makaa yavutwayo na farasi.

Daraja la chuma

Wakazi wa pande mbili za mto walivuka kwa mashua, jambo lililokuwa la shida wakati wa mafuriko na wakati maji yalipopungua. Mwaka 1773 Thomas Farnolls Pritchard, msanifu majengo wa Shrewsbury, alimwandikia mfanyabiashara wa chuma John Wilkinson akipendekeza daraja la chuma. Bunge liliruhusu mwaka 1776. Pritchard alifariki mwishoni mwa mwaka 1777, na kazi ikawa mikononi mwa Abraham Darby wa tatu, kijana wa miaka 27. Mbavu za chuma zilisimamishwa mwaka 1779, na daraja likafunguliwa siku ya mwaka mpya wa 1781. Upana wa tao lake ni mita 30 na zaidi kidogo, na uzito wa chuma chake ni tani 380 hivi.

Mafundi wa wakati huo hawakuwa na kanuni za kupimia nguvu za daraja kama hilo, wala hawakuwa na mazoea ya kuunganisha vipande vikubwa vya chuma. Kwa sababu hiyo waliazima ujuzi wa seremala. Vipande viliungwa kwa ndimi na matundu na kukazwa kwa kabari, kana kwamba ni mbao. Lakini umbo la tao lilichaguliwa kwa busara. Chuma cha kusubu hustahimili sana mgandamizo na ni dhaifu kikivutwa. Katika tao uzito wote hugeuka kuwa mgandamizo unaoteremka hadi kwenye kingo. Kama mafundi wangeweka boriti za chuma hicho zilizolala tambarare, upande wa chini wa boriti ungevutwa na kupasuka.

Mwezi wa Februari mwaka 1795 mto Severn ulifurika kwa namna ya kutisha, na madaraja mengi ya mawe yakabomoka au kuharibika. Daraja la chuma lilibaki, kwa kuwa maji yalipita katikati ya mbavu zake badala ya kuzisukuma. Habari hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko matangazo yoyote, na madaraja ya chuma yakaanza kujengwa kwingineko.

Gharama haikuwa ndogo. Makadirio ya kwanza yalikuwa pauni 3,250, lakini fedha zilizotumika zilizidi mno kiasi hicho. Ziada ilimwangukia Darby mwenyewe, akabaki na madeni mpaka alipokufa mwaka 1789.

Watu wa bonde

Majina ya akina Darby yameandikwa kila mahali, lakini vyuma havikujichimba wala kujibeba. Wanaume waliingia chini ya ardhi kukata makaa. Wanawake na wasichana walikaa juu, mvua na jua, wakichambua mtapo wa chuma kutoka katika marundo ya udongo uliotolewa shimoni. Mashua zenye bidhaa ziliburutwa kukabili mkondo na makundi ya wanaume waliojifunga kamba, mpaka njia ya farasi ilipotengenezwa kando ya mto karibu na mwaka 1800. Mwezi wa Oktoba mwaka 1799 mashua ya kuvushia ilipinduka huko Coalport usiku, na wafanyakazi 28 wa kiwanda cha vyombo vya kauri, waliokuwa wakirejea nyumbani, walikufa maji.

Bei ya chuma ilipoanguka baada ya vita vya Napoleon, wenye viwanda walipunguza mishahara. Mwezi wa Februari mwaka 1821 wachimbaji waliacha kazi na kuzima matanuri kwa kung'oa vizibo vya mashine. Walikutana na askari juu ya marundo ya majivu ya kiwanda, risasi zikapigwa na watu wakauawa. Baadaye mchimbaji mmoja, Thomas Palin, alinyongwa kwa hukumu ya mahakama. Mwalimu anayefundisha mapinduzi ya viwanda hana budi kuyaweka mambo haya karibu na habari za tanuri na daraja, kwa kuwa yalitokea mahali pale pale na kwa sababu ya chuma kile kile.

Ardhi inayotembea

Bonde lililowapa watu riziki halikuwa na utulivu. Matabaka ya udongo laini yamelalia kingo zenye mwinuko, na mto huendelea kuzila kingo hizo kutoka chini. Mwaka 1773 sehemu ya ukingo wa karibu na Buildwas iliporomoka, ikaziba mto na kuulazimisha kukata njia nyingine. Machimbo yaliyotobolewa kwa karne nyingi yaliongeza udhaifu. Mwaka 1952, katika kijiji cha Jackfield kilicho ukingo wa kusini, ardhi ilisogea polepole kuelekea mtoni. Zaidi ya nyumba 20 ziliharibika, na barabara na reli zikapindika. Kazi kubwa ya kuimarisha ukingo huo ilikamilika mwaka 2016.

Daraja lenyewe halikusalimika. Kingo zilikuwa zikisukumana kuelekeana na kulibana, na nyufa zilionekana tangu miaka yake ya mwanzo. Mwaka 1934 magari yalizuiliwa kupita. Katika miaka ya 1970 wahandisi walijenga kizuizi cha zege chini ya kitanda cha mto, kinachozitenganisha kingo mbili kama mtu anavyotia gongo kati ya kuta zinazoegemeana. Matengenezo mengine makubwa yalifanywa kati ya mwaka 2017 na 2019.

Kushuka kwa viwanda na kuhifadhiwa kwa mabaki

Katika karne ya 19 sifa zile sita za bonde zilianza kutoweka moja baada ya nyingine. Mtapo na makaa ya karibu yalipungua. Injini ya mvuke, ambayo bonde lilisaidia kuikuza, iliondoa ulazima wa kukaa karibu na kijito. Na reli iliuondolea mto cheo chake cha barabara kuu. Viwanda vikubwa zaidi vilijengwa penye nafasi, kama vile kusini ya Wales. Matanuri ya Blists Hill yalizimwa mwaka 1912, na kiwanda cha kauri cha Coalport kikahamishwa mwaka 1926. Kituo cha umeme cha makaa ya mawe kilichojengwa juu kidogo ya mji kiliacha kuzalisha umeme mwaka 2015, na minara yake ikabomolewa mwaka 2019. Kazi ya kusubu chuma katika Coalbrookdale yenyewe ilikoma mwaka 2017, miaka 308 baada ya Darby kuwasha tanuri lake.

Hata hivyo, mabaki hayakutupwa. Tanuri la zamani lilifukuliwa na kuoneshwa kwa watu mwaka 1959, na mwaka 1967 ikaundwa jumuiya ya makumbusho iliyokusanya matanuri, karakana na nyumba za wafanyakazi chini ya uangalizi mmoja. Leo watalii wanaokuja kuitazama historia ni sehemu ya riziki ya mji.

Tanuri hilo lina somo la mwisho kwa mwanafunzi wa historia. Juu ya boriti zake za chuma zimeandikwa tarakimu zinazosomeka 1638, na kwa muda mrefu watu waliuchukua huo kuwa mwaka wa kujengwa. Lakini picha ya zamani ya boriti hiyo hiyo yaonesha 1658. Vilevile, hapana maelezo kamili ya jinsi daraja lilivyosimamishwa yaliyojulikana mpaka mwaka 1997, ulipopatikana katika mji wa Stockholm mchoro wa rangi wa Elias Martin, msanii wa Uswidi, unaoonesha mbavu zikipandishwa kutoka mtoni. Mafundi walijenga mfano wa nusu kipimo, wakathibitisha kuwa njia iliyooneshwa yawezekana. Maandishi, picha, vyuma na majaribio, kila kimoja husahihisha kingine.

Maswali na kazi za darasani

1. Taja mambo sita yaliyoifanya Coalbrookdale ifae kwa uyeyushaji wa chuma. Ni mambo gani kati ya hayo yaliyopoteza umuhimu baada ya kuenea kwa injini ya mvuke na reli? Toa sababu.

2. Kilogramu 116 za kabonati safi ya chuma zinaweza kutoa kilogramu ngapi za chuma? (Fe = 56, C = 12, O = 16.) Eleza kwa nini tanuri la kweli hupata pungufu ya kiasi hicho kwa kila kilogramu 116 za mtapo.

3. Chukua kipande cha chaki, ukikandamize kati ya vidole viwili kwa urefu wake, kisha ujaribu kukipinda. Linganisha matokeo na tabia ya chuma cha kusubu, na ueleze kwa nini daraja la mwaka 1779 lilijengwa kwa umbo la tao.

4. "Misitu ilikwisha, ndiyo maana makaa ya mawe yakatumika." Jadili usemi huu kwa kutumia hoja zilizomo katika makala.

5. Kazi ya kikundi: chagueni mto, mlima, machimbo au kiwanda kimoja kilicho karibu na shule yenu. Chunguzeni aina za mawe, chanzo cha maji, njia za usafiri na kazi za watu wa zamani na wa sasa. Waulizeni wazee, someni kumbukumbu za ofisi ya kata, na pimeni wenyewe yanayopimika. Panapotokea maelezo mawili yanayopingana, yaandikeni yote mawili, kisha mwoneshe ni ushahidi gani ungeweza kuamua kati yake.